Legasov: Mkemia wa Chernobyl aliyeitetea nyuklia huku akiikosoa

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Jumamosi, Aprili 26, 1986, hali ya hewa jijini Moscow ilikuwa nzuri, na Profesa Valery Legasov alikuwa na hiari ya mambo matatu. Angeweza kwenda chuo kikuu alikokuwa mkuu wa idara, kwenda kupumzika mahali fulani na mkewe, au kuhudhuria mkutano wa makada wa chama katika wizara iliyosimamia masuala ya nyuklia. Kwa mazoea ya mwana chama mwaminifu, alichagua mkutano.

Kabla mkutano haujaanza alidokezwa kwamba usiku uliopita kumetokea jambo baya katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl, huko Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa moja ya jamhuri za Umoja wa Kisovieti. Waziri aliyehutubia aliligusia suala hilo kwa maneno machache, kisha akaendelea na habari za mafanikio ya sekta yake. Ilipofika adhuhuri, wakati wa mapumziko, Legasov aliarifiwa kuwa ameteuliwa kuingia katika tume ya serikali na kwamba anatakiwa awe uwanja wa ndege wa Vnukovo saa 10 jioni.

Miaka miwili na siku moja baadaye, mwanasayansi huyo alijiua, akiwa na umri wa miaka 51. Katikati ya tarehe hizo mbili alikuwa msemaji wa nchi yake mbele ya dunia, akasifiwa na wageni, akanuniwa na baadhi ya wenzake, na akaacha kanda za sauti ambazo hadi leo hutajwa kila mjadala wa umeme wa nyuklia unapozuka upya.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba Legasov hakuwahi kuwa mpinzani wa nyuklia. Aliiamini kabla ya ajali na akaendelea kuiamini baada ya ajali. Ugomvi wake ulikuwa na utaratibu wa kuendesha mitambo hiyo huku kasoro zake zikifichwa hata kwa wale wanaoishika kwa mikono yao. Kwa kiasi fulani, ulikuwa pia ugomvi na nafsi yake.

Mkemia miongoni mwa wanafizikia

Legasov alizaliwa Septemba 1, 1936 katika mji wa Tula, kusini mwa Moscow, mkoa unaojulikana kwa viwanda vya silaha na migodi ya makaa ya mawe. Familia yake ilihamia Moscow, ambako mwaka 1954 alihitimu shule kwa medali ya dhahabu. Alijiunga na Taasisi ya Mendeleev ya Teknolojia ya Kemia na kuhitimu mwaka 1961. Badala ya kung'ang'ania kubaki mji mkuu, alikwenda Siberia kufanya kazi katika kiwanda cha kemia cha Tomsk-7, mmoja wa ile miji iliyofungwa ambayo raia wa kawaida hakuruhusiwa kuukanyaga.

Aliporejea alipokewa katika Taasisi ya Nguvu za Atomiki ya Kurchatov, ile ile iliyozaa bomu la kwanza la atomiki la Kisovieti. Hapo alijikita katika kemia ya gesi adimu, hasa zenoni, ambayo kwa vizazi kadhaa wakemia waliamini kwamba haiwezi kuungana na kitu chochote, mpaka Neil Bartlett alipothibitisha kinyume chake nchini Canada mwaka 1962. Legasov akawa bingwa wa fani hiyo nchini mwake. Alipata shahada ya juu ya udaktari wa sayansi mwaka 1972, Tuzo ya Taifa mwaka 1976 na Tuzo ya Lenin mwaka 1984. Mwaka 1981 alikuwa tayari mjumbe kamili wa Akademia ya Sayansi, umri ambao wenzake wengi walikuwa bado wanapanga foleni.

Mwaka 1983 aliteuliwa naibu mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Kurchatov, chini ya mzee Anatoly Aleksandrov, ambaye wakati huo alikuwa pia rais wa Akademia. Cheo hicho kilimpa heshima kubwa, lakini hakikumfanya mwanafizikia. Vinu vya nyuklia vilikuwa himaya ya wanafizikia na wahandisi, nao walimwona kama mgeni aliyepewa kiti sebuleni. Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi hofu zake kuhusu vinu vya aina ya RBMK, ambavyo kwa jicho la mkemia vilirundika pamoja grafiti, zirkoni na maji kwa wingi wa kutisha, zilivyopuuzwa na waliojiona ndio wenye fani.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Kinu cha RBMK kilibuniwa na taasisi iliyoongozwa na Nikolai Dollezhal, lakini msimamizi wake wa kisayansi alikuwa Aleksandrov, mkuu wa Legasov. Hivyo mtu aliyepelekwa Chernobyl kuchunguza ajali alitoka katika nyumba ile ile iliyokilea kinu kilicholipuka. Bila kulijua hilo, yaliyompata baadaye hayaeleweki.

Usiku wa Pripyat

Ndani ya ndege kuelekea Kiev, Legasov alimweleza mwenyekiti wa tume, Boris Shcherbina, aliyekuwa naibu mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri, kuhusu ajali ya Three Mile Island iliyotokea Marekani mwaka 1979. Alidhani kwamba pengine watakuta jambo tofauti na lile, kwa sababu vinu vyenyewe vilikuwa tofauti. Hakujua ni tofauti kiasi gani. Waliposafiri kwa gari kuelekea mji wa Pripyat jioni hiyo, waliona anga juu ya kituo ikiwa nyekundu kama ya tanuri.

Kilichotokea ni hiki. Saa 7:23 usiku wa kuamkia siku hiyo, wafanyakazi wa kinu namba nne walikuwa wakifanya jaribio la kuangalia kama jenereta, inapozunguka kwa nguvu iliyobaki baada ya mvuke kukatwa, inaweza kuendesha pampu za maji mpaka mashine za dharura ziwake. Jaribio lilicheleweshwa kwa saa kadhaa kwa sababu gridi ya Kiev ilihitaji umeme, nguvu ya kinu ikashuka mno, na fimbo nyingi za kudhibiti zikachomolewa ili kuipandisha. Walipobonyeza kitufe cha kuzima kinu kwa dharura, nguvu ilipanda ghafla badala ya kushuka. Milipuko ikafumua paa.

Asubuhi iliyofuata Legasov aliomba gari la deraya na kulisogelea jengo hilo akiwa na kifaa cha kupimia nyutroni. Alitaka kujua swali moja: je, kinu bado kinafanya kazi? Kifaa hakikuweza kumpa jibu la kuaminika kutokana na ukali wa mionzi. Jibu lilipatikana kwa njia ya kikemia, kwa kulinganisha aina za iodini zinazokufa haraka na zile zinazodumu katika hewa iliyotoka kinuni. Uwiano ulionyesha kwamba kinu kimezimika. Kilichowaka ni grafiti.

Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu wakazi wa Pripyat, mji wa watu wapatao 49,000 uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo. Kanuni za wakati huo zilisema uhamisho ni lazima pale tu kipimo cha mionzi kinapofikia kiwango fulani, na Jumamosi hiyo kilikuwa hakijafika. Waliotegemea vitabu walitaka kusubiri. Wanafizikia na Legasov walidai kwamba hali itaharibika kesho yake, na Shcherbina akakubaliana nao usiku ule ule. Mabasi zaidi ya elfu moja yalipanga foleni, na saa 8 mchana wa Aprili 27 mji ulianza kuhamishwa. Watu waliambiwa wabebe mahitaji ya siku chache. Hawakurudi.

Tatizo ni kwamba kati ya mlipuko na mabasi yalipita takriban saa 36, na katika muda huo watoto walicheza nje. Katika kanda zake Legasov alilalamika kwamba nchi nzima haikuwa na kijitabu cha kumweleza mwananchi wa kawaida kipimo gani cha mionzi kina hatari na ale nini, anywe nini. Nchi yenye vinu kwa makumi haikuwa imechapisha kurasa hizo chache kwa sababu kuzichapisha kungekuwa kukiri kwamba ajali inawezekana.

Kuhusu moto, helikopta zilimwaga takriban tani 5,000 za mchanga, udongo wa mfinyanzi, dolomaiti, madini ya risasi na boroni ambayo hunyonya nyutroni. Orodha hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa mawazo ya Legasov. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulibaini kuwa sehemu kubwa ya shehena hiyo haikuangukia kwenye kiini cha kinu, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba moto ungekwisha wenyewe. Wengine wanakumbusha kuwa hakuna aliyekuwa na uzoefu wa jambo la namna hiyo, na kwamba aliyekaa pembeni hana haki ya kumcheka aliyeruka juu ya tanuri hilo. Ni ubishi ambao haujafungwa.

Vivyo hivyo kwa hofu kwamba kiini kilichoyeyuka kingetoboa sakafu na kufikia maji ya ardhini. Mwanafizikia Evgeny Velikhov aliichukulia hofu hiyo kwa uzito kuliko Legasov, na wachimba makaa waliletwa, wengi wao kutoka Tula alikozaliwa Legasov, kuchimba handaki chini ya kinu katika joto kali. Handaki lilikamilika, zege likamwagwa, lakini kiini hakikufika hapo.

Waliougua ugonjwa mkali wa mionzi na kuthibitishwa walikuwa 134, wengi wao wazima moto na wafanyakazi wa zamu ile, na 28 kati yao walifariki dunia mwaka huo huo. Wengine wawili walikufa usiku wa mlipuko. Hata hivyo, kwa ulimwengu, habari zilianza kujulikana Aprili 28 baada ya vipimo vya kituo cha Forsmark nchini Sweden kubaini mionzi isiyo ya kwao. Jioni hiyo ndipo Moscow ilipotoa tangazo fupi. Mei Mosi, maandamano ya wafanyakazi jijini Kiev yalifanyika kama kawaida. Kiongozi wa nchi, Mikhail Gorbachev, alizungumza na wananchi kwenye televisheni Mei 14.

Legasov aliendelea kwenda na kurudi Chernobyl kwa miezi kadhaa, akipita kiwango cha mionzi kilichoruhusiwa kwa mtu wa kazi hiyo. Kikohozi kikavu na kukosa usingizi vilimwandama tangu hapo.

Saa tano za Vienna

Agosti 25 hadi 29, 1986, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) liliitisha mkutano wa kupitia ajali hiyo katika makao yake makuu, Vienna. Mia kadhaa ya wataalamu kutoka nchi zaidi ya 60 walihudhuria. Wengi walifika wakitarajia kusomewa taarifa kavu ya kiserikali.

Kuna kejeli fulani katika mahali hapo. Umbali mfupi kutoka Vienna, huko Zwentendorf, kipo kituo cha nyuklia ambacho Austria ilikijenga hadi kukamilika na kisha, kwa kura ya maoni ya Novemba 5, 1978, wananchi wakakikataa kwa asilimia 50.5. Hakijawahi kuwashwa. Katika nchi hiyo iliyoikataa nyuklia ndimo Legasov alimosimama kuitetea.

Alizungumza kwa takriban saa tano. Alieleza mlolongo wa matukio sekunde kwa sekunde, akataja kiasi cha mionzi kilichotoka, na akakiri hadharani kwamba kinu cha RBMK kina tabia hatari: maji yanapogeuka mvuke ndani yake, nguvu huongezeka badala ya kupungua. Wajumbe wa Magharibi, waliozoea usiri wa Kisovieti, walishangazwa na uwazi huo, na mwishowe walimpigia makofi. Mwezi mmoja baadaye, Septemba 26, mikataba miwili ya kimataifa ilipitishwa, mmoja wa kutoa taarifa za ajali ya nyuklia mapema na mwingine wa kusaidiana inapotokea.

Lakini uwazi ule ulikuwa na mpaka. Uzito wa lawama uliwekwa mabegani mwa wafanyakazi wa zamu, kwamba walivunja kanuni moja baada ya nyingine. Kile ambacho hakikuelezwa ni kasoro ya fimbo za kudhibiti zenyewe. Chini ya kila fimbo paliunganishwa kipande cha grafiti, na fimbo iliposhuka kutoka juu kabisa, kwa sekunde za mwanzo grafiti hiyo iliweza kuchochea kinu katika sehemu ya chini kabla ya boroni kukizima. Yaani breki, katika hali fulani, ilianza kwa kukanyaga mafuta.

Kasoro hiyo ilikuwa imebainika mwaka 1983 wakati wa majaribio katika kituo cha Ignalina nchini Lithuania. Wabunifu walijua. Barua ziliandikwa. Wafanyakazi wa Chernobyl waliobonyeza kitufe kile hawakuelimishwa kwamba kinaweza kuwa hatari. Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizofunguliwa baadaye, upungufu wa RBMK ulijadiliwa katika kikao cha Kamati Kuu ya Siasa ya chama Julai 3, 1986, na Legasov alikuwamo. Mwezi uliofuata alikwenda Vienna na sehemu ya ukweli.

Wanaomtetea husema bila nusu hiyo asingeruhusiwa kusema chochote, na kwamba wapo wakubwa ambao hata hiyo nusu hawakuitaka itoke. Wanaomlaumu husema nusu hiyo iliwafunga watu. Julai 1987, mkurugenzi wa kituo Viktor Bryukhanov, mhandisi mkuu Nikolai Fomin na naibu wake Anatoly Dyatlov walihukumiwa kifungo cha miaka 10 kila mmoja. Hakuna mbunifu wa kinu aliyepandishwa kizimbani katika kesi ile. Pande zote mbili zina hoja, na mwandishi wa makala hii haoni njia ya kuzipatanisha.

Watazamaji wa tamthilia ya televisheni ya mwaka 2019 kuhusu Chernobyl wanamkumbuka Legasov akisimama katika kesi hiyo na kufichua yote mbele ya mahakama. Hilo halikutokea. Hakuhudhuria kesi. Wala hakuwa mpweke kama alivyoonyeshwa. Alikuwa na mke na watoto wawili.

Dunia yagawanyika

Wakati Legasov akishangiliwa Vienna, nje ya ukumbi mjadala ulikuwa umewaka. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeunda wizara ya mazingira Juni 1986, wiki chache baada ya ajali. Novemba 1987 Waitaliano walipiga kura ya maoni iliyofungua njia ya kufungwa kwa vituo vyao vyote kufikia mwaka 1990. Poland, iliyokuwa ikijenga kituo chake cha kwanza huko Żarnowiec, iliutelekeza mradi huo mwaka 1990. Ufaransa, kwa upande wake, haikuyumba, iliendelea kujenga.

Hoja zilikuwa mbili kubwa. Wapinzani walisema Chernobyl imethibitisha kwamba nyuklia ni hatari isiyovumilika, popote ilipo. Watetezi wa Magharibi walisema Chernobyl imethibitisha ubovu wa Wasovieti tu, kwa kuwa vinu vyao havikuwa na jengo la zege la kuzuia mionzi kama vya kwao.

Legasov hakukubaliana na upande wowote. Katika maandishi yake ya mwaka 1987, yakiwamo makala katika jarida la chama la Kommunist, aliiweka Chernobyl katika fungu moja na maafa ya kiwanda cha kemikali cha Bhopal, India, ya mwaka 1984. Kwa maoni yake, tatizo halikuwa atomu. Viwanda vya karne hiyo vilikuwa vimekua kwa nguvu na ukubwa kuliko taratibu za kuvisimamia, na aliyeacha nyuklia akakimbilia kemikali au makaa ya mawe alikuwa amehamisha hatari tu. Alitaka vinu vya kizazi kipya ambavyo kosa la binadamu haliwezi kuvilipua, na alitaka taasisi huru ya kuchunguza usalama wa teknolojia, isiyo chini ya wale wanaojenga.

Pendekezo hilo la mwisho ndilo lililomponza. Taasisi huru maana yake ni mtu wa nje kufungua makabati ya Wizara ya Ujenzi wa Mashine za Kati, jina la upole lililoficha sekta nzima ya silaha na vinu vya nyuklia, iliyoongozwa na Yefim Slavsky tangu mwaka 1957 hadi 1986. Watu wa himaya hiyo hawakuzoea kuulizwa maswali. Kwao, mkemia aliyepigiwa makofi na mabepari alikuwa amevua nguo za ndugu zake barabarani.

Mwaka 1987, ilipopigwa kura ya kuchagua wajumbe wa baraza la kisayansi la Taasisi ya Kurchatov, Legasov alipata kura 100 za ndiyo na 129 za hapana. Kwa mtu aliyekuwa naibu mkurugenzi wa kwanza, yalikuwa matusi ya wazi. Nishani ya juu iliyotarajiwa na wengi kwamba angepewa kwa kazi ya Chernobyl haikuja. Katika vuli ya mwaka huo alijaribu kujiua akaokolewa. Mapendekezo yake kuhusu usalama yaliendelea kukwama katika vikao vya Akademia.

Kanda

Katika miezi yake ya mwisho alikuwa akirekodi kumbukumbu zake kwenye kanda. Sauti yake humo ni ya mtu anayetoa mhadhara, bila haraka, akirudi nyuma kila anapokumbuka jambo. Anasimulia aliyoyaona katika kituo cha Kola, ambako mshono wa bomba kuu haukuchomelewa inavyotakiwa. Fundi alikuwa ameweka chuma tu na kuupitishia uchomeleaji wa juu juu ili uonekane mzima. Anasimulia pia mazungumzo ya simu ya wafanyakazi wa Chernobyl kabla ya mlipuko, ambapo mmoja alimuuliza mwenzake afanyeje kwa kuwa katika karatasi ya maelekezo mistari mingi imekatwa kwa kalamu, na mwenzake, baada ya kufikiri kidogo, akamshauri afuate ile iliyokatwa.

Hitimisho lake katika kanda hizo lilikuwa kwamba Chernobyl haikuzaliwa usiku mmoja. Ilikuwa kilele cha uendeshaji mbaya wa uchumi wa nchi kwa miongo mingi. Kwa mwana chama wa cheo chake, hayo yalikuwa maneno mazito kuliko kasoro ya fimbo.

Alifariki dunia Aprili 27, 1988, siku moja baada ya kumbukumbu ya pili ya ajali, na alizikwa katika makaburi ya Novodevichy jijini Moscow. Mei 20, gazeti la Pravda, kwa juhudi za mhariri wake wa sayansi Vladimir Gubarev, lilichapisha sehemu ya kumbukumbu hizo. Gazeti la chama tawala likawa limetangaza alichokisema marehemu kuhusu chama tawala.

Baada yake

Marekebisho ya vinu vya RBMK yaliyokuwa yameanza baada ya ajali yaliendelea: fimbo zilibadilishwa, urani iliyorutubishwa zaidi ikatumika, na kasi ya kuzima kinu ikaongezwa. Lithuania ilifunga vinu vyake vya Ignalina mwaka 2004 na 2009 kama sharti la kuingia Umoja wa Ulaya. Urusi imeendelea kuvitumia baadhi ya vyake, huku ikivifunga kimoja kimoja.

Mwaka 1992, kamati ya ushauri ya usalama ya IAEA ilitoa ripoti mpya iliyoirekebisha ile ya mwaka 1986 iliyotokana na maelezo ya Vienna. Safari hii kasoro za ubunifu, zikiwamo fimbo, zilipewa uzito mkubwa zaidi, na baadhi ya makosa yaliyodaiwa kufanywa na wafanyakazi ilibainika kwamba hayakukatazwa na kanuni za wakati ule. Dyatlov alikuwa ameachiwa mwaka 1990 akiwa mgonjwa. Alifariki dunia mwaka 1995.

Kuhusu idadi ya waliokufa, mjadala haujapoa. Jopo la mashirika ya Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2005 kwamba vifo miongoni mwa waliopata mionzi mingi zaidi vinaweza kufikia 4,000. Mwaka uliofuata shirika la Greenpeace lilitaja makadirio ya zaidi ya 90,000. Lisilobishaniwa ni maelfu ya kesi za saratani ya tezi ya thairoidi kwa waliokuwa watoto mwaka 1986, hasa walionywa maziwa yenye iodini ya mionzi katika siku zile ambazo hakuna aliyewaambia wasinywe.

Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami viliharibu kituo cha Fukushima Daiichi nchini Japan, na hoja za mwaka 1986 zikarudi karibu neno kwa neno. Ujerumani iliamua kuachana na nyuklia na kuzima vinu vyake vitatu vya mwisho Aprili 15, 2023. Desemba mwaka huo huo, katika mkutano wa tabianchi wa Dubai, nchi zaidi ya 20 ziliahidi kufanya kazi ili uwezo wa nyuklia duniani uongezeke mara tatu kufikia mwaka 2050. Hata pwani yetu haikubaki nje: mpango wa Kenya wa kujenga kituo chake cha kwanza ulipoelekezwa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, wakazi waliandamana mwaka 2024 kuupinga, wakitaja bahari na samaki wao.

Septemba 1996, miaka minane baada ya kifo chake, Rais Boris Yeltsin alimtunuku Legasov nishani ya Shujaa wa Shirikisho la Urusi. Ilipokewa na familia.

Chernobyl yenyewe ilikuwa bado inafanya kazi. Kinu namba tatu, kilichotenganishwa na kile kilicholipuka kwa ukuta tu, kiliendelea kuzalisha umeme hadi Desemba 15, 2000.